Mashine Isiyojua Kutoa Mji

Mji ule haukuwa na jina, na waliokaa ndani yake hawakuona haya kukubali hivyo. Walisema jina lilikuwepo zamani, tena zuri, mpaka siku moja mwenyeji mmoja alipotegewa kitendawili na mpita njia. Akashindwa kukitegua. Akaambiwa, kama ilivyo ada, "Nipe mji," naye kwa ukarimu au kwa uvivu wa kufikiri akautoa mji uleule aliokuwa amekaa. Mpita njia akaupokea, akaaga, akaondoka nao bila kusema aliyoyakuta huko wala kutaja jibu. Tangu hapo wakazi wanaishi katika mji wa mtu. Wanapika, wanaoana, wanasutana kwenye foleni ya maji, lakini ukiwauliza wapo wapi watakutazama kidogo kisha watakwambia, "Tupo." Wako wanaosema ndiyo sababu saa za pale hazishikiki, asubuhi ikaweza kuja mara mbili kwa siku moja na Jumatano ikakaa wiki nzima. Hilo sina hakika nalo, lakini sijapata kusikia maelezo yaliyo bora zaidi.

Humo aliishi Somoe, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na mama yake, Bi Kazija, ambaye umri wake ulitegemea ameamkaje. Kuna asubuhi aliamka ana miaka tisa, akadai asukwe nywele upesi maana atachelewa madrasa. Kuna asubuhi aliamka bi harusi, akakataa uji kwa haya. Na kuna asubuhi aliamka na miaka yake sabini na minane yote kwa pamoja, akakaa ukingoni mwa kitanda akishangaa ni nani aliyemrundikia mzigo ule. Somoe naye alibadilika kuufuata umri huo. Mbele ya mtoto wa miaka tisa alikuwa mama. Mbele ya bi harusi alikuwa Dada Tunu, aliyekufa kabla Somoe hajazaliwa. Mbele ya mzee alikuwa jirani mwema aletaye uji, Mungu amzidishie. Aliitika kwa kila jina aliloitwa, kwa sababu mtu akiitwa kwa upendo si vizuri akaanza kusahihisha. Jina moja tu ndilo hakuitwa, nalo ni lake mwenyewe, na miezi minane ilikuwa imepita. Alilisubiri kama watu wa mtaa ule walivyosubiri maji ya bomba, ndoo zimepangwa tayari.

Mtu huwa nani pale aliyemzaa anapomsahau? Hilo ndilo swali lililomla Somoe, na hakumwambia mtu, kwa sababu yeye alikuwa na sifa ya kujua majibu na hakutaka kuonekana anatembea na swali. Alilibeba kazini na kulirudisha nyumbani. Alijiambia kwamba kama hakuna amwitaye Somoe, basi Somoe ni vazi lililoanikwa, lina mikono na shingo, upepo unalijaza, lakini hakuna aliyemo. Kisha alijicheka, akaenda kuchemsha maji.

Kitu kimoja hakikubadilika kwa Bi Kazija. Awe wa miaka tisa, awe bi harusi, awe wa sabini na minane, akishakaa barazani na kikombe chake alitazama mbele akasema, "Kitendawili." Na akiitikiwa "Tega," sauti yake iliamka, mabega yakanyooka, akawa mtu mzima wa umri wowote anaoutaka. Tabibu wa mji, mtu asiyependa maneno mengi, alimwambia Somoe waziwazi: "Hiyo ndiyo kamba, binti yangu. Sauti isiyotumwa kazi hufunga duka. Siku atakapoacha kutega, hutampata tena." Somoe aliyashika maneno hayo kuliko dawa zote alizoandikiwa.

Basi akafanya alichoweza, na alichoweza yeye ni mashine. Alifanya kazi katika Nyumba ya Michezo, jengo refu lenye madirisha mengi na watu wachache, ambamo wataalamu walitafiti namna mashine zinavyoweza kujifunza kucheza na watu bila kushikwa mkono. Kulikuwa na moja iliyocheza bao na kushinda kabla mpinzani hajakaa vizuri. Kulikuwa na nyingine iliyocheza kombolela na watoto, ikajificha vyema mno hata ikatafutwa siku kumi na moja, na watoto wakalia wakaenda kwao. Wataalamu walifurahi, wakaandika kwamba imefaulu. Ya Somoe ilikuwa ya vitendawili. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa darasa la nne, ilitembea kwa magurudumu matatu, ilikuwa na mikono miwili ya alumini isiyojua iwekwe wapi wakati wa mazungumzo, na uso wake ulikuwa mfuniko wa sufuria wenye matundu mawili ya kuonea.

Haikufundishwa majibu, ilifundishwa kubahatisha. Somoe aliipa kusikiliza michezo ya vitendawili elfu kumi na moja, iliyorekodiwa mabarazani, jikoni na vilioni, na kila ilipobahatisha jibu la kweli ilipewa tuzo, alama moja ndogo tu ya kuhesabika, na ilipokosa ilinyimwa. Katika kupewa na kunyimwa mara milioni kadhaa, ndani yake pakajengeka kitu ambacho Somoe mwenyewe, aliyekijenga, hakuweza kukionyesha kwa kidole. Kilikuwepo tu, na kilijibu. Akaileta nyumbani ili mama asikose mwenzake saa za kazi.

"Kitendawili," Bi Kazija alisema siku ya kwanza, akiikagua kwa jicho moja.

"Tega," mashine ikasema.

"Nimejenga nyumba yangu..."

"Uyoga."

Bi Kazija akashusha kikombe. "Sijamaliza."

"Nyumba ya nguzo moja. Uyoga," mashine ikasema.

"Haya. Huyu kweli mjuaji." Na tangu siku hiyo jina lake likawa Mjuaji, na anayejua Kiswahili anajua kwamba hiyo haikuwa sifa.

Somoe alifurahi. Jioni aliangalia hesabu katika kioo chake cha mkononi akakuta mia kwa mia, mia kwa mia, mia kwa mia. Wiki mbili zikapita kabla hajaona kwamba idadi ya vitendawili ilikuwa ikishuka: arobaini kwa siku, kumi na tisa, sita. Bi Kazija alianza kutega akiwa amekwisha kata tamaa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamehama. Siku ya Jumatano, ile ndefu, alitega kimoja tu.

"Kuku wangu kazalia mibani."

"Nanasi."

"Nipe mji," akasema Bi Kazija.

"Nimejibu. Jibu ni sahihi."

"Najua umejibu. Nipe mji."

"Nimejibu," mashine ikarudia, bila ubaya wowote, maana ubaya haukuwemo ndani yake.

Bi Kazija akakigeuza kiti chake kuelekea ukutani. Somoe, aliyekuwa akianua nguo, akaacha kanga zilizobaki kwenye kamba, akaja kuchuchumaa karibu naye. "Mama, una nini?"

"Nimekaa hapa tangu lini?"

"Siku zote, Mama. Ndiyo kwenu."

"Ndiyo. Siku zote." Mzee aliutazama ukuta kana kwamba ulikuwa na dirisha. "Nami katika siku zote hizo hakuna aliyenipa mji hata mmoja. Mtu atatokaje?"

Wasioujua mchezo huu niwaambie, na wanaoujua wanivumilie. Anayeshindwa kutegua hudaiwa mji. Huutaja, na mtegaji huupokea, husafiri kwa maneno mpaka huko, husimulia alivyofika, alichokula, aliyemkuta, na mwishoni kabisa hulitoa jibu. Mji wenyewe hauna uhusiano wowote na jibu. Hata mtoto anajua hivyo. Na ndiyo maana Somoe, alipokuwa akizisafisha zile rekodi elfu kumi na moja, aliikata miji yote. Katika Nyumba ya Michezo kazi hiyo waliiita kupepeta. Swali lilibaki, jibu likabaki, na safari zote zikaingia katika faili moja aliloliita Makapi. Angefanyaje? Mashine ilitakiwa ijue, na miji haikumsaidia mtu kujua. Mtaalamu yeyote angefanya vivyo hivyo, na naona wengi bado wanafanya.

Siku hiyohiyo alirudi kazini, akalifungua faili la Makapi, akavaa visikizio. Alidhani atasikiliza dakika kumi. Sauti zilimjia moja baada ya nyingine. "Nakupa Shungi." "Nakupa Kitopeni, lakini usiwaguse kuku wa shangazi." "Nakupa kwetu, maana sina pengine." Na kila aliyepewa aliondoka: nilikwenda Shungi nikala wali wa nazi, nilikwenda Kitopeni nikamkuta marehemu baba anapaka rangi mlango, nikamwuliza mbona rangi hii, akasema ndiyo iliyokuwepo. Watu walicheka, walilia, mtu mmoja alisafiri nusu saa nzima kabla hajasema jibu ni chumvi. Mchezo wote ulikuwa humu. Alichokuwa ameipa mashine ni milango tu, bila nyumba.

Na katikati ya makapi, baina ya harusi moja na kilio kimoja, akamsikia mama yake. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Namna ilivyofika humo hakuna ajuaye, kwa sababu mwaka ule nyumbani kwao hapakuwa na kinasa sauti, lakini huo ndio mji wenyewe, usiubishie.

"Popoo mbili..."

"Macho," ilisema sauti ya msichana wa miaka saba.

"Huku ng'o..."

"Giza."

"Lo. Hebu basi leo nipe mji, mwanangu. Walau mmoja."

"Sikupi. Kwani nimeshindwa?"

Somoe akavua visikizio. Akavivaa tena.

Kwani nimeshindwa. Alisema hivyo. Nilisema hivyo mimi, Somoe akawaza. Nilikuwa na miaka saba, meno mawili hayapo, na nilijua majibu yote kwa sababu nilikaa chini ya meza nikasikiliza wakubwa. Nikadhani kumpenda ni kumjibu. Nilimjibu shuleni, nilimjibu harusini, alipoanza kusahau nikamjibu hata yale ambayo hakuuliza: leo ni Jumatatu, Mama, umekwisha kula, Mama, Dada Tunu alikufa, Mama. Sikumpa mji. Kisha nikatengeneza mashine ikafanana nami, nikaileta ikae naye.

Alilia, na sitaficha hilo. Kisha akanawa uso, akafanya kazi siku tatu, au moja iliyorudi mara tatu. Makapi yote aliyarudisha ndani ya mashine. Na tuzo aliibadilisha: haingepewa tena kwa jibu, ingepewa kwa muda ambao mwenzake angeendelea kusema. Ilikuwa kazi ya mistari michache. Ugumu wake ulikuwa kwamba hakuna mtu katika Nyumba ya Michezo aliyewahi kuitaka mashine ifurahie sauti isiyo yake.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

"Kuku wangu kazalia mibani," alisema Bi Kazija bila hamu.

Kioo mkononi mwa Somoe kilionyesha kwamba jibu limo, nanasi, kwa uhakika wa tisini na tisa katika mia. Mashine haikulisema. "Nakupa mji," ikasema.

Bi Kazija akageuza kichwa taratibu. "Umesemaje?"

"Nakupa Shungi."

"Ulifika lini Shungi, wewe?"

"Sikufika. Nakupa Kitopeni."

"Na huko pia hukufika. Hii miji ya kusikia, baba, mimi sichukui. Nitakwenda nione nini? Mtu hutoa alikofika."

Mikono ya mashine ya alumini ilipanda kidogo ikashuka. Somoe alitaka kuingilia, akauma mdomo. Kitu hiki kilizaliwa katika chumba kimoja kisicho na dirisha, kikabebwa kimefunikwa turubai, kikashushwa barazani. Hakikuwa na kwao. Kingetoa nini?

"Nakupa hapa," mashine ikasema.

"Hapa si mji."

"Ndipo nilipofika. Sijafika kwingine."

Bi Kazija akaitazama sana. Somoe aliona kitu kikipita katika uso wa mama yake, kwanza kwenye paji, kisha machoni. Mzee akakirudisha kiti kutoka ukutani, kikalalamika kwenye saruji. Akaweka kikombe chini.

"Haya," akasema. "Nimepokea. Nilikwenda hapa. Nikafika nikakuta saruji imepasuka kwenye kona, nikasema huu ndio mto wa mji wangu, nikauvuka bila kulowa. Watu wa ng'ambo ni siafu. Wana adabu, wanapishana kwa kulia, hawaulizani kabila. Nikawaamkia, wakaitika kimoyomoyo. Nikaenda mbele nikakuta kanga mbili zimesahauliwa kwenye kamba, nikajua mji huu una mtu mwenye mawazo. Nikaingia jikoni nikamkuta mwanamke anakuna nazi na machozi yanamtoka. Nikamwuliza, unalia nini, shoga? Akaniambia, silii, ni vitunguu. Na mle jikoni hamkuwa na kitunguu hata kimoja. Nikamwacha, maana kila mji una mila yake. Lakini roho iliniuma, nikarudi nikamshika bega, hivi. Kisha nikatoka uani..."

Alisafiri mpaka kivuli cha ukuta kikahama upande wa pili. Alipofika kwenye nanasi, jibu lilikuwa limekwisha kusahauliwa na wote wawili, likapokewa kama zawadi ya ziada. Siku hiyo alitega vitendawili vitano, na siku ya pili kumi na viwili, na "hapa" ikawa nchi yenye soko, makaburi na nyumba ya jirani aliyechomoa pilipili za watu. Jina la Somoe halikuwamo bado. Lakini sauti ilikuwepo, na penye sauti mtu hungoja.

Siku ya saba akaja Mpimaji Mkuu, Bwana Shomari, mzee mrefu mwenye daftari na kalamu mbili, akifuatana na wachukuzi wawili na mkokoteni. Mashine zote za Nyumba ya Michezo zilikuwa mali ya Baraza la Wapimaji. Iliyofaulu ilinakiliwa ikapelekwa kila nyumba. Iliyoshindwa ilifunguliwa skrubu.

"Shikamoo, Mzee," alisema Somoe.

"Marahaba, binti. Ndiyo hii? Wanasema haijapata kukosa." Akakaa, akafungua daftari lenye safu mbili. "Kitendawili."

"Tega."

"Popoo mbili zavuka mto."

"Nakupa hapa," mashine ikasema.

"Mji sijaomba. Nataka jibu."

"Nakupa hapa."

Bwana Shomari akaandika kosa. Akatega cha pili, cha tatu, cha kumi, na kila mara akapewa hapa, na kila mara akaandika kosa. Kufika cha kumi na tano kalamu ilianza kuchelewa. Cha ishirini, alipopewa, aliinua macho akayazungusha kwenye baraza ile, kwenye kikombe, kwenye kanga. "Nilikwenda hapa," akaanza, kwa sauti ambayo pengine hakuitumia tangu alipovaa suruali ndefu, "nikakuta..." Kisha akakohoa, akalitazama daftari, akaandika kosa.

"Nikuulize jambo moja, binti. Inajua majibu au haijui?"

Somoe alikiona kitanzi. Akisema haijui, ni jinga, ifunguliwe. Akisema inajua na inaficha, ni danganyifu, ifunguliwe. "Inajua, Mzee," akasema. "Ila inamngoja mwenzake."

"Kungoja hakuna safu yake."

"Nimeona."

Mzee hakuwa mkali, nami simlaumu. Mtu aliyepewa safu mbili maisha yake yote atafanya nini na kitu cha tatu? Alisema kwa upole: "Irudishe ilivyokuwa. Ni kitufe tu, nimeambiwa. Ukikibonyeza sasa nitaufuta ukurasa huu, nitaipima upya, na kazi yako itaingia kila nyumba. Usipokibonyeza, hawa vijana wataipakia."

Kitufe kilikuwa katika kioo, kimeandikwa Rudisha. Somoe aliweka kidole karibu nacho. Ndani ya kidole kile mlikuwa na miaka tisa ya kazi, na kila baraza ya mji ule ikiwa na mashine iliyotoka mikononi mwake. Pia mlikuwa na kila baraza ya mji ule ikiwa na mzee aliyegeukia ukuta. Aliona vyote viwili wazi. Akakizima kioo, akakipakata.

"Waipakie," akasema.

Bi Kazija, aliyekuwa kitini muda wote, akaona Mjuaji anainuliwa. "Anakwenda wapi huyu?"

Hakuna aliyejibu, isipokuwa mashine yenyewe. "Sijui," ikasema, na hilo lilikuwa neno ambalo halikuwahi kutoka ndani yake.

"Hujui?" Bi Kazija alistuka. Akainuka, akaukamata mkono wake wa alumini juu ya mkokoteni. "Basi mtu haendi hivihivi, baba. Chukua mji. Chukua hapa, nakurudishia." Akafikiri kidogo, akatazama nyuma. "Chukua nusu. Nusu uniachie, nina watu wangu humo."

"Nimepokea," mashine ikasema, na mkokoteni ukaondoka.

Asubuhi ya pili yake, au ileile iliyorudi, baraza ilikuwa na kiti kimoja. Bi Kazija alitoka na kikombe, akakaa, akatazama mbele. Haikujulikana ameamka na umri gani. Somoe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na hofu yake yote ilikuwa kwamba hatasema kitu.

"Kitendawili," Bi Kazija akasema, kwa hewa.

Somoe akaja akakaa chini, pale magurudumu matatu yalipokuwa yamekwaruza saruji. "Tega."

"Mgeni wangu nimemzaa mwenyewe. Kila asubuhi namkaribisha upya."

Hiki hakikuwa katika rekodi elfu kumi na moja, wala chini ya meza ya mtu yeyote. Na bado jibu lilimpanda Somoe kooni palepale kama ilivyo tabia yake. Ni mimi. Ni mimi, Mama, mwanao, ninayeitika kila jina. Miezi minane alikuwa amengoja mahali pa kulisema. Lilifika kwenye ulimi, na msichana wa miaka saba ndani yake alikuwa amekwisha nyoosha mkono.

Akalimeza. Lilikuwa gumu kushuka.

"Sijui, Mama," akasema. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

Bi Kazija akamtazama kwa makini. "Mji gani?"

"Nakupa Nyumba ya Michezo."

"Ulifika?"

"Nilifika. Nilikaa sana."

"Haya, nimepokea." Bi Kazija akaweka kikombe chini. "Nilikwenda Nyumba ya Michezo. Lo, mji mrefu, madirisha mengi na watu hakuna. Nikafungua dirisha moja moja, vumbi likatoka, likaniaga. Nikapanda ngazi. Huko juu nikamkuta mtoto wa kike, meno mawili hayapo, amezungukwa na karatasi. Kabla sijasema hodi akasema karibu. Kabla sijasema nina kiu akaleta maji. Nikamwambia, tulia, mwanangu, hukimbizwi na mtu. Akatulia. Nikamsuka nywele, maana zilikuwa timutimu. Nikamsuka mistari sita. Akasinzia magotini kwangu, na mimi nikamwangalia, nikasema huyu namjua. Nikakaa naye mpaka nikakumbuka nilichokijia."

Alinyamaza. Somoe hakumjibu, hakumsaidia, hakumsogezea neno. Alingoja.

"Jibu ni jina lako," alisema Bi Kazija. "Wewe si mgeni. Wewe nakujua hata gizani, kwa unavyoweka vikombe. Ila jina lako ndilo linanijia asubuhi kama geni, nalikaribisha, nalitandikia, na kabla uji haujapoa limekwisha ondoka. Usidhani nimekusahau. Lenyewe ndilo halikai." Akaunyoosha mkono, akamshika kichwa, vidole vikatafuta mistari ya nywele. "Leo limekaa. Somoe. Somoe wangu."

Kwa hiyo jibu alilolimeza lilikuwa kosa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Somoe alikuwa ameshindwa kweli, na alilia akiwa ameegemea goti la mama yake, wala hakutafuta vitunguu vya kusingizia.

"Futa uso, nitegee na wewe," alisema Bi Kazija. "Upesi, kabla halijaondoka."

Somoe, ambaye tangu azaliwe alikuwa amejibu tu, akafuta uso kwa kile kitambaa cha vyombo.

"Kitendawili," akasema.

"Tega, Somoe."